Sura ya Tano: Simu Moja, Hati Nne

Za mwizi ni arobaini, walisema wahenga, wakaishia hapo. Siku ya arobaini na moja hawakuigusa. Sura hii inaanzia pale walipoishia: mwizi ameshakamatwa, ameshafikishwa kituoni, na lililobaki ni kujua atalipa nini kwa alichochukua. Wengi wetu tunaamini jibu hutoka kinywani mwa hakimu siku ya hukumu. Mara nyingi jibu hilo huwa limeshaandikwa muda mrefu kabla, mezani pa mtu mwingine, kwenye karatasi ambayo mshtakiwa huisikia kwa mara ya kwanza ikisomwa akiwa amesimama kizimbani.

Tuichukue simu moja. Tuseme ni simu ya shilingi laki tatu, na mwenyewe ni dada anayeshuka daladala saa moja na nusu usiku kwenye kituo chenye giza. Kijana anapita, mkono unaruka, simu haipo. Dada anapiga yowe, watu wanakimbiza, kijana anadakwa mtaa wa pili. Ana bahati: polisi wanafika kabla ya tairi na petroli. Dada na kijana ni wa kubuni, lakini hakuna mkaazi wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha atakayesema hajawahi kukutana nao.

Kwenye kaunta ya polisi dada anafungua jalada, anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake, kisha anakaa na askari kuandika maelezo. Maswali anayoulizwa yanaonekana madogo. Alinyakua tu au alikusukuma? Alikuwa peke yake? Mkononi alikuwa na kitu? Alikwambia nini? Dada bado anatetemeka, anajibu kama anavyokumbuka. Hajui kwamba kila jibu linaipandisha au kuishusha ngazi ambayo juu yake kuna miaka ya mtu.

Ngazi yenyewe, kwa sheria ya Tanzania Bara, ina vidato vinne vinavyotuhusu. Cha kwanza ni wizi wa kawaida: kuchukua mali ya mtu bila haki kwa nia ya kumnyima moja kwa moja. Adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 7. Cha pili ni wizi kutoka maungoni mwa mtu, kama vile kuchomoa pochi au kunyakua simu mkononi, ambao unaweza kufika miaka 10. Cha tatu ni unyang'anyi. Hapa mwizi ametumia nguvu au vitisho ili apate mali au abaki nayo, na hesabu inaruka hadi miaka 15. Cha nne ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu. Mwizi alikuwa na silaha au chombo cha hatari, akatumia nguvu au akatishia kuzitumia. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30.

Simu ni ileile, laki tatu ni zilezile. Tofauti kati ya kidato cha kwanza na cha nne inaweza kuwa sentensi moja ya maelezo: "Alinionyesha kisu." Pengine kisu kilikuwepo. Pengine kilikuwa funguo zilizong'aa kwenye mwanga wa bodaboda. Jalada litatoka kwa askari mpelelezi, litafika kwa mwendesha mashtaka, naye ndiye atakayeamua ni hati ipi ya mashtaka, kati ya nne za vidato hivyo, itakayosomwa mahakamani.

Dari na sakafu

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, angalia maneno mawili ambayo sheria huyatumia kwa makusudi. Inaposema "hadi miaka 7", inamjengea hakimu dari. Chini ya dari hiyo kuna nafasi kubwa. Anaweza kutoa miaka 3, miezi 6, faini, au kifungo cha nje kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda fulani. Kosa likiwa ni la kifungo kisichozidi miaka 3, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu kumpeleka mkosaji akafyeke majani ya zahanati au asafishe soko badala ya kula ugali wa magereza.

Inaposema "kisichopungua miaka 30", imejenga sakafu. Hakimu hawezi kushuka chini yake hata akiona kila sababu ya kushuka. Kijana ana miaka 19, hana kosa la nyuma, simu ilirudishwa bila mkwaruzo, dada mwenyewe amesema amesamehe. Yote hayo yataingia kwenye kumbukumbu za mahakama, na hakuna hata moja litakalopunguza siku.

Kaa siku moja kwenye benchi la nyuma la mahakama ya wilaya, utaliona hili likitendeka. Hakimu amemaliza kusoma hukumu, mshtakiwa ametiwa hatiani. Anamgeukia mwendesha mashtaka: kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma? Jibu unaweza kulikariri bila kulisikia. Hakuna kumbukumbu za nyuma, lakini mheshimiwa, tunaomba mahakama itoe adhabu kali iwe fundisho kwa wengine wenye tabia kama hii. Kisha zamu ya mshtakiwa, ile inayoitwa shufaa. Naye ana maneno yake: ni kosa la kwanza, nina mama mzee, nina mke na watoto wawili wananitegemea, naomba nipunguziwe adhabu. Kwa kesi ya wizi wa kawaida mazungumzo hayo yana kazi. Hakimu anayapima: thamani ya mali, kama imepatikana, kama mshtakiwa alikiri mapema au aliisumbua mahakama miezi minane, kama aliaminiwa na aliyemuibia, kama alikuwa na wenzake, amekaa mahabusu muda gani. Kwa kesi ya silaha, mshtakiwa anaruhusiwa kumtaja mama yake, hakimu anasikiliza kwa adabu, kisha anasoma tarakimu ambayo kila mtu chumbani alikuwa akiijua tangu asubuhi.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba huyu anayetamka miaka 30 si jaji wa Mahakama Kuu. Kesi za unyang'anyi wa kutumia silaha husikilizwa na hakimu wa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, mahakama ambazo kwa makosa ya kawaida nguvu zao za kufunga huishia miaka 5. Sheria imempa hakimu rungu zito kuliko mkono wake, kwa sharti kwamba asiamue uzito wa pigo.

Hati huanza kuadhibu kabla ya hukumu. Kwa wizi wa kawaida kijana anaweza kupata dhamana wadhamini wakipatikana. Unyang'anyi wa kutumia silaha uko kwenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Kwa hiyo siku mwendesha mashtaka anapoandika "287A", kijana anaingia mahabusu na kubaki humo mpaka kesi iishe, hata ikichukua mwaka, hata ikiisha kwa kuachiwa huru.

Sakafu ilijengwaje

Hakuna aliyeamka siku moja akazipenda adhabu za lazima. Zilianza na hasira ya nchi changa. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miaka 2 ya uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu. Wizi wa mali ya umma, wizi wa mifugo, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi na rushwa viliwekewa kifungo cha lazima pamoja na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani, 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere aliikumbusha nchi habari ya viboko hivyo kwenye hotuba yake ya Mei Mosi mwaka 1995 kule Mbeya, akieleza kwa mzaha wake wenye makali kwamba vile vya mwisho vilikuwa vya kumfanya mtu akamwonyeshe mkewe. Umati ulicheka. Lakini ndani ya mzaha ule kuna falsafa nzima ya adhabu: mkosaji aumie, na aumie hadharani, ili mwingine asijaribu.

Mwaka 1972 sheria hiyo ilifutwa na nyingine yenye jina lilelile ikachukua nafasi yake. Kwa miaka iliyofuata sakafu iliendelea kupandishwa kila ujambazi ulipotikisa miji na barabara kuu, mpaka unyang'anyi wa silaha ukafika miaka 30. Wizi wa mifugo nao una sakafu yake ya miaka 5, na mfugaji yeyote wa Mara au Shinyanga atakueleza kwa nini: ng'ombe kwake ni akaunti ya benki, ni mahari, ni ada ya shule. Kila sakafu ina kilio cha watu nyuma yake. Walioijenga hawakuwa wakatili. Walichoka kuona jambazi aliyeteka basi zima akitoka baada ya miaka 3 kwa sababu hakimu fulani alikuwa mpole, au alilainishwa.

Simu inavuka Namanga

Sasa ivushe simu ileile mpaka wa Namanga, uifikishe Nairobi. Ngazi ya Kenya ina vidato vyake. Wizi wa kawaida: hadi miaka 3, nafuu kuliko Tanzania. Wizi kutoka maungoni: hadi miaka 14. Kuvunja nyumba kuna saa yake kabisa. Ukivunja mchana ni hadi miaka 7, ukivunja usiku ni hadi 10, na usiku kwa sheria hiyo unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kwisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dakika chache za jua kuzama zina thamani ya miaka mitatu.

Juu kabisa ya ngazi hiyo kuna kosa ambalo Wakenya huliita wizi wa mabavu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Mtu anaweza kulifikia kwa njia tatu, na mahakama zimeshasema mara nyingi kwamba moja tu inatosha: awe na silaha ya hatari, au awe pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au ampige, amjeruhi au amtumie nguvu mwenye mali. Isome tena hiyo ya pili. Vijana wawili bila kisu wala rungu, wakimkaba mtu kwenye uchochoro wa River Road na kumpokonya simu, wamefika kileleni. Ukiondoa yule wa pili, aliyebaki anashtakiwa kwa unyang'anyi wa kawaida wa hadi miaka 14, ilimradi hakumuumiza mtu. Kati ya miaka 14 na kitanzi kuna rafiki mmoja, na kiongozi wa mashtaka anayeamua kama rafiki huyo aandikwe.

Kesi ya mauaji nchini Kenya huanzia Mahakama Kuu. Kesi ya wizi wa mabavu husikilizwa na hakimu. Hivyo hakimu mmoja, kwenye mahakama ya mji mdogo, ana mamlaka ya kumhukumu mtu kifo kwa kosa la mali. Kitanzi chenyewe hakijatumika tangu mwaka 1987, waliponyongwa waliopatikana na hatia ya uhaini baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Waliohukumiwa kifo wakawa wanajazana magerezani wakisubiri kisichokuja. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747. Sheria inayotamka adhabu ambayo kila rais hulazimika kuifuta kwa maelfu imeshakiri yenyewe kwamba imekosea hesabu.

Mwaka huohuo wa 2016, majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema vifungu vya unyang'anyi havitenganishi kwa uwazi viwango vya uzito wa kosa, wakampa Mwanasheria Mkuu muda wa miezi 18 kuvirekebisha. Kisha tarehe 14 Desemba 2017 ikaja hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu: ulazima wa adhabu ya kifo unamnyima mshtakiwa haki ya kusikilizwa kuhusu adhabu yake, kwa hiyo unakiuka Katiba. Mahakama za chini zikaipokea kama mvua. Wafungwa wa wizi wa mabavu nao wakaanza kurudishwa kizimbani kupangiwa adhabu upya, wengine wakapewa miaka, wengine wakaonekana wameshatumikia vya kutosha.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikaufunga mlango huo. Ikaeleza kwamba Muruatetu ilikuwa kesi ya mauaji na uamuzi wake ni wa mauaji tu. Anayetaka ulazima wa adhabu kwa kosa jingine uondolewe, alete kesi yake kuanzia chini. Kwa lugha ya sheria maelezo hayo yana mantiki. Matokeo yake, ukimweleza mzee wa kijijini, atakuuliza kama umelewa: aliyeua mtu husikilizwa kwanza kabla ya kupimiwa adhabu, na aliyepora simu akiwa na mwenzake anasubiriwa na adhabu moja tu iliyoandikwa.

Shilingi thelathini na tisa

Mchezo huu wa hati si mgeni, na Waingereza walioziletea Kenya na Tanganyika kanuni za adhabu mwaka 1930 walikuwa wameucheza zamani kwao. Mwaka 1713 Uingereza ilipitisha sheria kwamba anayeiba ndani ya nyumba ya mtu mali ya shilingi 40 au zaidi anyongwe. Wazee wa baraza waliosikiliza kesi hizo walikuwa wenye maduka na mafundi wa mjini, watu waliochukia wizi kuliko yeyote. Lakini kumnyonga mtumishi wa kike kwa vijiko vya fedha kuliwashinda. Basi wakawa wanatoa hukumu kwamba ndiyo, ameiba, ila mali ina thamani ya shilingi 39. Vijiko, vitambaa, saa, vyote vilishuka bei mahakamani hadi shilingi 39, na shingo ikapona.

Sakafu ikiwa juu mno, watu wenye dhamiri hutafuta pa kupenyea. Huko Uingereza waliopenya ni wazee wa baraza, hadharani, mbele ya umma uliojua wanachofanya. Kwetu mlango umebaki mmoja, nao uko ofisini kwa mwendesha mashtaka.

Meza ya mapatano

Tanzania ilipitisha utaratibu wa mapatano ya kukiri kosa mwaka 2019. Kenya ilikuwa nao tangu 2008. Mshtakiwa na upande wa mashtaka wanakaa pamoja. Huyu anakubali kukiri, yule anapunguza idadi ya makosa au anashuka kidato, na aliyeibiwa anaweza kurejeshewa mali au kulipwa fidia. Hakimu hashiriki kwenye majadiliano. Kazi yake ni kuhakikisha mshtakiwa amekubali kwa hiari na anaelewa anachosaini.

Ni utaratibu wenye faida. Kesi zinaisha, mashahidi hawapigwi danadana, mwenye mali anaondoka na chochote. Ila uangalie unavyokutana na sakafu. Kwa desturi ya mahakama zetu, anayekiri kosa mapema hupunguziwa adhabu. Kwa kosa lenye sakafu ya miaka 30, kukiri mbele ya hakimu hakumpi mshtakiwa hata wiki moja. Nafuu yake pekee ni hati ibadilishwe. Maana yake anayegawa nafuu ni yuleyule aliyeandika hati, na anayemshtaki mtu kwa kidato cha juu ana kitu cha kuuza ambacho aliyeshtaki kwa haki hana.

Wakati sheria hiyo inaanza, Septemba 2019, Rais John Magufuli aliwapa siku saba watuhumiwa wa uhujumu uchumi na utakatishaji fedha waombe msamaha na kurudisha fedha. Utakatishaji nao hauna dhamana, na wengi walikuwa mahabusu kwa miaka. Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kwamba watuhumiwa 467 walikuwa tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 107. Sitahukumu hapa nani alikuwa na hatia. Jiulize tu kijana wa simu angeweka nini kwenye meza hiyo. Simu ilisharudishwa. Kwao hakuna kiwanja cha kuuza, wala wakili wa kumwambia kwamba hati inaweza kujadiliwa.

Hati inapomgeuka mwandishi

Kuna upande mwingine wa hadithi hii, na nisipoutaja nitakuwa nimewaonea waendesha mashtaka. Hati nzito ni mzigo hata kwa anayeibeba. Kila kipande cha kosa lazima kithibitishwe bila kuacha shaka: kwamba kulikuwa na wizi, kwamba silaha ilikuwepo, kwamba ilitumika kumtisha mtu, na mtu huyo ni nani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imefuta hukumu za unyang'anyi kwa sababu hati haikutaja aliyetishiwa. Mtu aliyekuwa gerezani miaka kadhaa anatoka mlango wa mbele kwa kuwa mstari mmoja ulisahaulika. Aliyeporwa anasoma gazetini kwamba "mwizi wake" ameachiwa, anahitimisha kwamba majaji wamenunuliwa. Hati ya wizi wa kawaida, ikiandikwa vizuri, pengine ingemfunga miaka 4 bila wasiwasi.

Na tusisahau kwamba kesi nyingi za wizi hazipandi ngazi hiyo kabisa. Zinaanzia na kuishia mahakama ya mwanzo, kwa Kiswahili, hakimu akiwa na washauri wawili wa mahakama, wazee wa eneo hilohilo. Huko kuku, baiskeli, magunia ya mahindi na nyaya za umeme vina kesi zao. Kwa kawaida kifungo huko hakizidi miezi 12. Mlalamikaji husimama mwenyewe kueleza, mshtakiwa humuuliza maswali uso kwa uso, na si ajabu hakimu akaamuru fidia ilipwe ili majirani waendelee kuwa majirani. Hakuna sakafu, na mbingu haijaanguka.

Mtoto naye ana mlango wake. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 hawezi kuhukumiwa kifungo gerezani, hata kosa liwe la silaha. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki iliyochakaa, inaweza kuwa kielelezo kizito kuliko panga lenyewe. Familia isiyo na karatasi hiyo ina hatari ya kumpoteza mtoto wa miaka 17 kwa miaka 30.

Hoja ya yule aliyekabwa

Nimeongea na watu wengi waliokabwa, na wengi wao hawana subira na sura kama hii. Wananiambia hivi: wewe hujawekewa panga shingoni. Wakazi wa Dar es Salaam walioishi na hofu ya makundi ya vijana wa mapanga, wale waliobatizwa Panya Road, hawaoni miaka 30 kuwa mingi. Wanasema pia kwamba mahakama ikilegea, wananchi wenye hasira kali watamaliza kazi wenyewe barabarani, na huko hakuna shufaa.

Hoja hiyo ina uzito na siibezi. Hakimu aliyeachiwa uhuru wote ana hatari zake. Mmoja atatoa miezi 6, mwenzake wa wilaya jirani atatoa miaka 5 kwa baiskeli inayofanana, na penye nafasi kubwa bahasha nayo hupata pa kupita. Ndiyo maana miongozo ya adhabu imeandikwa: Kenya ilitoa wake mwaka 2016 na kuupitia upya 2023, Tanzania nayo ikawa na mwongozo wake mpya wa 2023. Inampa hakimu pa kuanzia, inamworodheshea mambo ya kuongeza na ya kupunguza, inamtaka aeleze sababu. Kesho yake mahakama ya juu inaweza kuzisoma sababu hizo na kusema umekosea.

Ufa uko hapo. Hakimu anapokosea adhabu, ameandika kwa nini, na kuna rufaa. Mwendesha mashtaka anapochagua hati ya miaka 30 badala ya ile ya miaka 7, haandiki popote kwa nini, wala mshtakiwa hana pa kukatia rufaa uchaguzi huo. Tulipoogopa uhuru wa hakimu, hatukuuondoa. Tuliuhamishia kwenye chumba kisicho na benchi la wasikilizaji.

Basi yapo mambo mawili ambayo Bunge la Dodoma na lile la Nairobi yanaweza kuyafanya bila kumpa jambazi likizo. La kwanza ni kumruhusu hakimu kushuka chini ya sakafu pale anapoona sababu za pekee na kuziandika: hakuna aliyejeruhiwa, mali imerudi, mkosaji ni wa mara ya kwanza. Panga lililokata mtu libaki na miaka yake. La pili ni kumtaka mwendesha mashtaka aweke kwenye jalada maelezo mafupi ya kwa nini amechagua kosa hili na si lile lililo chini yake, maelezo ambayo mahakama inaweza kuyadai.

Na wewe msomaji, siku utakapopoteza simu, nami naomba isifike, utaketi mbele ya askari na kuulizwa kama mwizi alikuwa na kitu mkononi. Sema ulichokiona. Kama kilikuwa kisu, sema kisu. Kama hukuona, sema hukuona. Askari ataandika, mwendesha mashtaka atasoma, na hakimu, siku hiyo ikifika, hatakuwa na uwezo wa kulipunguza neno lako.